UZI: Kuruta wa polisi anafundishwa kwata, sheria na bunduki. Na historia, fasihi, falsafa je?

Mpwa wa Lushoto (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu hakuna ugomvi.

Mdogo wangu yuko depo, chuo cha polisi Moshi. Siku anaondoka nilimsindikiza stendi, tunasubiri basi akaniuliza hivi kaka wewe uliyesoma falsafa miaka mitatu pale Mlimani, kuna kitu gani humo kingenisaidia mimi huko ninakoenda? Nikamjibu kirahisi tu, nikamwambia itakusaidia kufikiri. Akacheka, akasema kule hawatafuti mtu wa kufikiri kaka, wanatafuta mtu wa kusema ndiyo afande. Basi likaja akapanda akaenda zake, mi hiyo sentensi imenikaa kooni mpaka leo.

Sasa nataka nimjibu vizuri na nyie mnisaidie kabla hajamaliza kozi.

Kwanza naongelea nini. Chuo kikuu wanaita insia, ipo hadi Ndaki ya Insia, ila neno hilo ukilitamka mtaani watu wanadhani kuna marehemu kaacha mali. Namaanisha historia, fasihi, lugha, falsafa, yale masomo ambayo mzazi akisikia mtoto kayachagua anauliza utakula nini.

Hoja yangu iko hivi. Kwenye ofisi nyingi za serikali mtu wa chini hana maamuzi, anapeleka faili juu, juu wanapeleka juu zaidi, mwisho linarudi na muhuri. Polisi ni kinyume chake. Konstebo mwenye mwaka mmoja kazini, saa nane usiku kwenye kona ya Buguruni, hana wa kumpelekea faili. Amkamate huyu au amwache aende, anyanyue kirungu au aongee, yote kwa sekunde kumi, na hapo anashika uhuru wa mtu, mwili wa mtu na wakati mwingine roho ya mtu. Sheria inamwambia anaruhusiwa nini, haimwambii kama hicho anachoruhusiwa ndicho kinachofaa leo, kwa mtu huyu, mbele ya watoto wake.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alikuwa na jina la akili ya namna hiyo, sio akili ya vitabu na sio ufundi wa mikono, ni busara ya kutenda. Na alisema kitu kinachonisumbua, kwamba kijana anaweza kuwa bingwa wa hesabu lakini busara hiyo hana, kwa sababu inakuja na kuona mambo mengi na yeye hajaishi muda wa kutosha. Wazee wetu nao walishasema kuishi kwingi ni kuona mengi. Haya, sisi tunachukua mtoto wa miaka 20 tunampa pingu na silaha. Hatuwezi kumpa miaka 40 ya kuishi. Tunachoweza ni kumkopesha maisha ya watu wengine, na hiyo mikopo iko kwenye historia na kwenye hadithi, sijui sehemu nyingine inapopatikana kwa wingi hivyo.

Mfano. Miaka ya nyuma nilikuwa Ujerumani kimasomo, mji wa Münster. Kuna jumba pale linaitwa Villa ten Hompel, lilijengwa na tajiri mmoja wa saruji miaka ya 1920. Kuanzia 1940 mpaka 1944 ndiyo ilikuwa makao ya mkuu wa polisi wa kawaida wa kanda ile. Sio Gestapo wakuu, wale polisi wa siri wa Hitler, ni polisi wa kawaida, hawa wa doria na trafiki. Kutoka ofisi zile zikawa zinapangwa batalioni za polisi kwenda Poland na kwingine Ulaya mashariki. Leo ni sehemu ya kumbukumbu, na polisi wa sasa wa Ujerumani wanaletwa pale kwa semina, kuruta na maofisa, wanakaa na nyaraka za watu waliovaa sare kama wao.

Kisa kinachojulikana zaidi cha batalioni za aina hiyo hakitoki Münster, ni cha batalioni ya akiba namba 101 kutoka Hamburg. Watu kama 500, wengi umri umeenda, makuli wa bandarini, madereva, makarani. Tarehe 13 Julai 1942 alfajiri wamepangwa nje ya mji mdogo wa Józefów, Poland. Kamanda wao, meja Trapp, anawaambia kazi ya leo ni kuwaua Wayahudi wa hapa, wanawake na watoto na wazee, sauti inamkatika, machozi yanamlenga. Halafu anasema jambo la ajabu: kati yenu wazee, anayeona hataiweza kazi hii atoke mstarini.

Walitoka kama 12 hivi. Mpaka jioni wameuawa watu kama 1,500.

Sasa mi ninauliza, pale kilipungua nini? Kwata? Kwata walikuwa nayo. Sheria? Amri ilikuwa inatoka kwa mkubwa halali. Ujasiri wa vita? Hapana. Naona kilichopungua ndicho mdogo wangu anachosema hakitafutwi kule. Karibuni.

---

Konda Mstaarabu

Mkuu umeandika vizuri ila mshahara kwanza. Mtu ana njaa unamletea Aristotle. Mpe nyumba nzuri, mpe posho, utaona maadili yanakuja yenyewe bila falsafa.

Mpwa wa Lushoto

@Konda Mstaarabu mshahara sipingi hata kidogo. Ila njaa inaeleza ile elfu mbili ya barabarani, haielezi kipigo. Kumpiga mahabusu aliyefungwa pingu hakuna anayelipwa kwa hiyo kazi. Hapo kuna kitu kingine zaidi ya njaa.

---

Sajenti Mstaafu

Habari zenu. Nimetumikia miaka 27, nimestaafu, nafuga kuku sasa. Nimesoma uzi mara mbili.

Kijana acha kuisema vibaya kwata. Watu wa nje mnaona gwaride mnadhani ni kupiga miguu tu ili viongozi wafurahi. Kwata inamfundisha mtu kuutawala mwili wake. Unasimama juani inzi anatembea puani humfukuzi. Siku moja mtu atakutukana mama yako mbele ya watu mia na una bunduki mkononi, kilichonizuia mimi siku hiyo sio kitabu, ni ule inzi. Huyo Aristotle wako kama alikuwa na akili basi atakuwa alijua hilo.

Ila nitakuunga mkono sehemu moja. Mwaka wa pili kazini tulipelekwa mimi na mwenzangu, kuna kijana kakamatwa na wananchi anadaiwa kaiba redio. Tunafika tairi liko tayari shingoni, petroli inatafutwa. Watu kama mia mbili, sisi wawili, bunduki moja. Mwenzangu anataka apige hewani, nikajua akipiga hewani yakaja mawe tutapiga chini. Nikatoa daftari na kalamu nikasema kwa sauti haya, mwizi huyu lazima afungwe, nani ameona, aje hapa nimwandike jina na anapoishi, kesho saa mbili tunaenda wote kituoni kutoa maelezo na kesi ikianza mtakuwa mnakuja mahakamani. Mkuu wangu, dakika tano pale tulibaki mimi, mwenzangu, kijana na tairi. Hahaa.

Hiyo haiko kwenye PGO, kile kitabu cha kanuni za kazi ya polisi, hakuna somo la hivyo. Nilifundishwa na koplo mmoja mzee wa Tabora ambaye hakumaliza hata darasa la saba, usiku kwenye lindo, alikuwa anasimulia visa vya kazi kuanzia saa nne mpaka asubuhi. Kwa hiyo huo mkopo wako wa maisha ya wengine upo, sisi tuliupata lindoni. Shida lindoni unaupata wote, mzuri na mbaya, kwa sababu kuna makoplo wengine wanasimulia jinsi ya kubambika kesi, na wanasimulia vizuri kweli.

---

Mpwa wa Lushoto

Afande shikamoo. Umenifunga goli kwa mpira wangu mwenyewe. Aristotle alisema hivyohivyo, kwamba mtu hawi mwadilifu kwa kusikiliza mihadhara, anakuwa kwa kutenda mpaka inakuwa tabia, kama fundi anavyokuwa fundi kwa kujenga. Kwa hiyo kwata kwake yeye ni elimu ya maadili kabisa. Nakubali. Swali linabaki je, ni tabia zipi tunazozikunja? Samaki mkunje angali mbichi, sawa, ila anakunjwa kuelekea wapi? Kujizuia hasira ni tabia. Na kutouliza ni tabia pia, na zote mbili zinafundishwa uwanja uleule, asubuhi ileile, na mkufunzi yuleyule.

Hiyo ya makoplo wa lindoni naichukua. Hakuna chuo cha polisi kisicho na fasihi. Kipo chenye fasihi ya lindoni peke yake.

---

Mkaa Nyeri

Wasee wa TZ niaje. Mimi niko hapa karibu na Kiganjo, chuo cha polisi cha Kenya, hao makuruta tunawaona kila intake wakikimbia asubuhi, kwa hivyo hii story naijua kutoka upande wa fence.

Sisi tulijaribu kuanzia juu. Katiba ya 2010 ikatoa neno Force ikaweka Service. Kifungu cha 244 kinasema polisi wafunzwe wawe na uwezo na uadilifu wa hali ya juu kabisa na waheshimu haki za binadamu na utu. Imeandikwa hapo kwa katiba, sio circular ya waziri! Kabla ya hapo kulikuwa na ripoti ya jopo la jaji Ransley ya 2009, baada ya zile vurugu za uchaguzi, ikasema mambo ya training yabadilishwe kabisa. Tukapata na IPOA ya kuchunguza polisi. Kwa gari na kwa ukuta wa station imeandikwa Utumishi kwa Wote.

Halafu ikafika Juni 2024 vijana wakatoka barabarani juu ya finance bill, na risasi zikatumika. Sasa niambieni, hao maafisa wengi waliajiriwa baada ya 2010, wamefunzwa chini ya hiyo katiba mpya, haki za binadamu wamefanya mpaka mtihani. Kwa hivyo swali langu kwa mwenye uzi, ukiongeza somo lingine la philosophy si itakuwa tu ni mtihani mwingine wa kupita? Jamaa anakariri, anapata B, anasahau.

---

Hoja Kinzani

Mkaa Nyeri kauliza kwa upole, mi nitauliza kwa ukali.

Mwanzisha uzi katuletea Wajerumani, vizuri, tuwamalizie basi. Januari 1942 kwenye jumba moja Wannsee, Berlin, walikaa watu 15 kupanga utekelezaji wa mauaji ya Wayahudi Ulaya nzima. Wanane kati yao walikuwa na udaktari wa chuo kikuu. Sio udaktari wa sindano, wa vitabu. Na Adolf Eichmann, aliyeandika muhtasari wa kikao hicho, alipofikishwa mahakamani Jerusalem 1961 alisema maisha yake yote alijitahidi kufuata maadili ya Kant, yule mwanafalsafa mkubwa wa Kijerumani. Jaji akamuuliza, na jamaa akaieleza kanuni ya Kant karibu sawasawa!

Kwa hiyo nchi iliyokuwa na falsafa nyingi, muziki mwingi na mashairi mengi kuliko zote ndiyo iliyofanya vile. Makuli wa Hamburg hawakusoma, sawa, ila waliowatuma walisoma. Mkuu unauza chanjo ambayo wagonjwa wa kwanza walikuwa wameshachanjwa.

---

Mama Chausiku

Jamani mnaongea mambo ya Wajerumani mimi niwaletee ya kaunta.

Mwaka fulani nilikwenda kituoni, mji siutaji, kuripoti kwamba mume wa dada yangu kampiga mpaka kamvunja mkono. Dada mwenyewe niko naye, mkono umefungwa khanga. Askari wa kaunta hakuwa mtu mbaya, alikuwa kijana mpole tu. Anaandika. Swali la kwanza kabisa: "ulimfanya nini?" Dada akanyamaza. Mpaka tunaondoka na PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, hakuongea tena, mimi ndiye nilikuwa najaza yaliyobaki, na maelezo yakatoka mafupi, kesi ikafa.

Nimefikiria sana lile swali. Yule kijana hakutaka kuharibu, alitaka hadithi ianze mwanzo, na kichwani mwake hadithi ya mke kupigwa inaanza na kosa la mke. Hakuna kifungu cha sheria alichovunja. Ni hadithi tu aliyokuja nayo kutoka nyumbani kwao, akaipanga ya dada yangu ikae kwenye ile ya kwao.

Baadaye yalipokuja yale madawati ya jinsia na watoto nilimpeleka jirani yangu mmoja, yule dada wa dawati akavuta kiti akakaa pembeni badala ya mbele akasema "anza popote unapotaka". Jirani akaanza na mbuzi! Dakika kumi mbuzi. Askari anasikiliza mbuzi. Halafu yakaja yote.

Sasa mimi nimefundisha Kiswahili sekondari miaka 19, nawaambia hicho alichofanya yule dada ndicho tunachofundisha kwenye fasihi: nani anasimulia, anaanzia wapi, anaruka nini, kwanini karuka. Askari kazi yake nusu ni kuandika maelezo ya watu. Ni mwandishi yule! Anaandika hadithi ambayo mtu anaweza kufungwa miaka 30 kwa ajili yake, na hakuna aliyemfundisha kusikiliza. Tangu 2021 sheria imeifanya Kiswahili lugha ya mahakama, kwa hiyo hata kisingizio cha Kiingereza kinaisha.

@Hoja Kinzani Eichmann mimi simjui vizuri, ila kutokana na ulivyosimulia huyo alikariri. Wanafunzi wa hivyo nimewaona wengi, anakutajia wahusika wote wa riwaya na hajawahi kumhurumia hata mmoja.

---

Mpwa wa Lushoto

Mama Chausiku shikamoo, na naomba radhi kwa uzi wangu kwamba ulianza bila wewe.

@Hoja Kinzani hoja yako ni nzito na sitaikwepa. Ni kweli insia sio chanjo. Anayesema ukimsomesha mtu mashairi atakuwa mwema anadanganya, na madikteta waliopenda mashairi wapo wengi. Lakini angalia Eichmann alimfanya nini Kant. Kant anasema kila mtu ajitungie sheria kwa akili yake na asimtumie binadamu mwenzake kama chombo tu. Eichmann akatoa akili yake akaweka ya mkubwa wake, akabaki na neno wajibu. Amebeba ganda kaacha kiini. Na alikiri mwenyewe pale mahakamani kwamba alipoanza kazi ile ya kuua watu hakuwa tena akimfuata Kant. Kwa hiyo alijua! Kwangu hiyo inanionyesha ujuzi wa falsafa na uwezo wa kuitumia pale mstarini ni vitu viwili, na vyuo vingi, vya polisi na visivyo vya polisi, vinapima cha kwanza tu kwa sababu kina mtihani.

Ndiyo maana @Mkaa Nyeri nakubaliana na wewe kwamba somo la haki za binadamu lenye orodha ya vifungu halitoshi. Vifungu vinamwambia mtu asifanye nini. Havimwandai kwa ile hali ambapo wenzake wote wanafanya.

---

Bibi wa Mji Mkongwe

Assalaam alaykum. Wanangu mmesahau kuangalia majina, na majina yana siri.

Mnasema afande. Hilo ni neno la Kituruki, efendi, lililetwa pwani hii na wanajeshi wa Kisudani ambao Mjerumani Wissmann aliwaajiri Cairo 1889 kuja kuvunja upinzani wa akina Bushiri. Askari ni Kiarabu, ni mwanajeshi, na sisi neno hilohilo tunamwitia polisi pia. Depo nalo ni la Waingereza, kambi ya polisi wa Ireland pale Phoenix Park, Dublin, iliitwa hivyohivyo, na maofisa wengi wa polisi wa makoloni walipitishwa pale kujifunza kazi kabla ya kuletwa huku.

Mwingereza huyohuyo alikuwa na polisi wa aina mbili. Wa kwao London, aliowaanzisha Robert Peel 1829, aliwavisha buluu wasifanane na wanajeshi wenye koti jekundu, bunduki hakuwapa, akawaambia kazi yenu ni kuzuia uhalifu na mtaiweza tu kama wananchi wanawakubali. Wa Ireland aliwapa bunduki, akawaweka kambini, mbali na watu, kwa sababu kule kazi ilikuwa kuwatawala watu wasiotaka kutawaliwa. Sasa nadhani mnajua sisi tuliletewa wa aina ipi. Tanganyika walianza 1919, Lushoto huko kwa mwenye uzi.

Msingi uko hapo. Ukiamini polisi ni raia aliyevaa sare, utamfundisha mambo ya raia: lugha zao, dini zao, historia yao, machungu yao. Ukiamini ni jeshi lililopiga kambi kwenye nchi ya watu, hayo yote ni kupoteza muda na Sajenti ana haki ya kuongeza kwata. Sisi wa pwani tunasema mtu ni utu. Sasa wanangu, kuruta akiingia depo kwa jina la mama yake akatoka na namba, ule utu aliokuja nao umehifadhiwa stoo gani?

---

Konda Mstaarabu

Bibi umeniacha hoi. Nafuta komenti yangu ya kwanza nusu, nusu ya mshahara ibaki.

---

Msomaji wa Kimya

Huwa sichangii, leo naongeza mawili matatu.

Marekani hili walilijaribu mapema. August Vollmer, mkuu wa polisi wa Berkeley, California, mwenyewe shule ilikuwa ndogo tu, lakini kuanzia 1908 akaanzisha shule ya polisi na baadaye akasukuma polisi wasome chuo kikuu. Kilichotokea miaka iliyofuata, masomo mengi yakageuka kuwa ya ufundi: alama za vidole, maabara, utawala wa ofisi. Serikali ikaja kumwaga hela miaka ya 1960 na 70 polisi wasome digrii, na mwaka 1978 tume moja ya wataalamu ikasema wazi kwamba digrii nyingi ni depo iliyovaa joho, warudishe masomo mapana. Hawakurudisha sana. Mpaka 2018 mafunzo ya msingi kule yalikuwa wastani wa masaa 830 na kitu, miezi mitano hivi. Norway ni digrii ya miaka mitatu, na polisi wao kwa miaka mingi kwa kawaida hawakutembea na bastola kiunoni. Sisemi moja limesababisha lingine, nchi zenyewe hazifanani.

La pili ni la msomi anaitwa William Muir, miaka ya 1970 aliwafuata polisi vijana 28 wa mji mmoja California awaone wanavyokua kazini. Akaona polisi mzuri anahitaji vitu viwili kwa pamoja. Aelewe mateso ya binadamu, yaani asigawe watu kuwa wema na takataka. Na moyo wake ukubali kutumia nguvu pale inapobidi. Ukikosa la kwanza unakuwa katili, ukikosa la pili unakuwa mtu wa kubembeleza tu hata pale inapobidi nguvu, ukikosa yote mawili unakuwa mkwepaji kazi, kila siku redio yako mbovu. Na waliokomaa vizuri, anasema, ni wale waliokuwa na watu wa kuongea nao kuhusu kazi, wanasimuliana na kubishana. Ni lile lindo la Sajenti, lenye koplo mzuri.

Kwa hiyo mi ningeacha hata kuita ni somo. Kisa kimoja kwa wiki, watu 15 wamekaa duara, vyeo vimeachwa mlangoni, hakuna mtihani. Wiki moja Józefów. Wiki nyingine yale mauaji ya 2006 ya wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi wao, ambayo Mahakama ya Rufani 2016 ilimhukumu kunyongwa ofisa mmoja wa polisi, na pale kulikuwa na askari wa chini wengi tu siku hiyo. Wiki nyingine kesi ya Karama kule Kusadikika, maana Shaaban Robert kaandika mtu anashtakiwa kwa kosa la kufundisha watu sheria, kuruta wasome wajadili wewe ungekuwa ndiye uliyetumwa kumkamata?

Mkaa Nyeri

Hiyo ya vyeo kuachwa kwa mlango ndio ngumu boss. Kiganjo hata kwenda choo kuna cheo.

Mpwa wa Lushoto

Hahaa. Hapo ndipo kazi ilipo. Ile Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman mwaka 2023 ilizungumzia kulisuka upya jeshi la polisi liwe la kutoa huduma. Kubadili jina ni siku moja. Kumkalisha inspekta kwenye duara na kuruta akamsikiliza mpaka mwisho, hiyo nayo ni falsafa na sijui nani ataifundisha. Mkufunzi wa kiraia watamdharau, wa ndani watamwogopa.

---

Sajenti Mstaafu

Naomba kuuliza. Wale 12 waliotoka mstarini. Walifanywa nini?

Mpwa wa Lushoto

Afande, hawakufanywa kitu. Walirudisha bunduki wakapewa kazi nyingine. Kuna wenzao waliwaita waoga, wakapewa malindo mabovu, basi. Baada ya vita mawakili wa washtakiwa walitafuta sana hata kisa kimoja cha mtu aliyeuawa au kufungwa kifungo kikubwa kwa kukataa kuua raia, wawatetee wateja wao, hawakukipata.

Sajenti Mstaafu

Nilitaka kusikia hilo.

Nimewapa kisa cha daftari kwa sababu ni kizuri, nimekisimulia miaka mingi hata wajukuu wanakijua. Kuna kingine sijawahi kusimulia. Kituo sitaki kukitaja. Usiku niko kaunta naandika, chumba cha nyuma wanamhoji kijana, nasikia. Nikaongeza sauti ya redio. Asubuhi yule kijana alikuwa hawezi kusimama, nikamwandikia PF3 kwa mwandiko mzuri kabisa.

Miaka yote nimejiambia ningesema kitu ningefukuzwa kazi, nilikuwa na mtoto mchanga. Usiku huu nimekaa najaribu kukumbuka nani aliniambia hivyo, mkuu wa kituo au nani. Hakuna. Nilijiambia mwenyewe. Ningeenda mlangoni nikasema jamani inatosha, sijui wangenifanya nini, inawezekana wangenicheka tu.

Kwa hiyo ukiniuliza pale Poland ningesimama wapi, nilikuwa na miaka 24, ningebaki mstarini.

Mama Chausiku

Afande...

Mpwa wa Lushoto

Asante kwa kusema, mzee wangu. Dogo anamaliza kozi mwezi ujao. Naomba ruhusa nimtumie hii komenti yako.

Sajenti Mstaafu

Mtumie. Ila na ile ya daftari mtumie pia, asije akaacha kazi.